Maswali ya wasomaji: kinanda cha nyumbani

Swali (Nyegezi, Mwanza): Kijana wangu ana miaka 15 na anapiga kinanda kwenye kwaya ya parokia. Nataka kumnunulia cha nyumbani. Dukani nimeonyeshwa Yamaha PSR-E473, Casio CT-X3000 na Yamaha PSR-SX600. Muuzaji anasema chenye sauti nyingi, yaani aina nyingi za ala kinazoiga, ndicho bora. Ni kweli?

Jibu: Hapana, mama. E473 ina sauti 820, CT-X3000 ina 800 na SX600 ina 850. Hakuna sikio litakalotambua tofauti hiyo. Muulize badala yake kinanda kinaweza kutoa noti ngapi kwa mara moja. Viwili vya kwanza vinatoa 64, SX600 inatoa 128. Mdundo unaojipiga wenyewe ukiwashwa, ngoma, besi na gitaa vyote vinakula kwenye idadi hiyo hiyo, na kijana akikanyaga pedali ya kushikilia sauti, noti za mwanzo zinaweza kukatika kabla hajaiachia.

Vitufe visikuhadae. Vyote vitatu vina vitufe 61 vyepesi vinavyoitikia nguvu ya kidole, na vile vya SX600 si vya daraja la juu. Fedha ya ziada ya SX600 inakwenda kwenye spika (wati 15 kila upande, wenzake wana wati 6), midundo 415 na uwezo wa kutunga mdundo wako mwenyewe. Lakini SX600 haina sehemu ya betri. TANESCO wakikata, mazoezi yamekwisha. E473 inatumia betri 6 ndogo za AA, na CT-X3000 nayo inakubali betri.

Kama kwaya inapenda sebene, tungechukua CT-X3000. Mdundo wa sebene kama mnavyoupiga huku huenda usiukute tayari ndani ya vinanda hivi. Casio inakuruhusu kuchukua mdundo unaokaribiana nao, ukabadilisha besi na ngoma, kisha ukauhifadhi. Ina nafasi 50 za midundo yako. E473 inapokea midundo kutoka kwenye flashi lakini haikutengenezei mpya, ila ina tundu la maikrofoni, jambo zuri kwa anayeimba huku akipiga.

Kabla hujalipa, uliza kanisani wana kinanda cha kampuni gani, kwa sababu njia za mkato za kupiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) kwa vidole vichache hazifanani. Kwenye Yamaha, C maina (kodi yenye sauti ya huzuni) ni C pamoja na kitufe cheusi cha karibu upande wa kushoto, na C7 ni C pamoja na cheupe cha kushoto. Kwenye Casio ni kinyume: unaongeza kitufe chochote kimoja upande wa kulia kupata maina, viwili kupata ya saba, kama C7. Mtoto anayezoea moja nyumbani atakosea Jumapili. Tiba ni kumfundisha kodi kamili za vidole vitatu na vinne tangu mwanzo, kwani hizo zinakubalika kote.

Swali (Kirumba): Vitufe vitatu vya kinanda changu vinapiga kelele hata nikivigusa polepole. Fundi anataka kubadilisha bodi nzima.

Jibu: Asiiguse bodi kwanza. Chini ya kila kitufe kuna mpira wenye vidoa viwili vyeusi vya kaboni, kimoja kinagusa kabla ya kingine. Kinanda kinapima muda kati ya miguso hiyo: ukiwa mfupi, kinaamini umepiga kwa nguvu. Uchafu ukichelewesha mguso wa kwanza, muda unafupika na sauti inalipuka. Kwa hewa yenye unyevu ya ziwani, vumbi, na wale wadudu wadogo wanaofuata taa usiku, hilo ni jambo la kutarajiwa.

Chomoa adapta na betri. Geuza kinanda juu ya taulo, fungua skrubu, na tenga ndefu na fupi kwa sababu ndefu ikiwekwa pa fupi inaweza kutoboa plastiki. Toa ukanda wa mpira taratibu, vijiti vyake vichomoke kwenye matundu ya bodi. Futa bodi kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili kidogo. Vidoa vyeusi vipanguse kwa kitambaa kikavu tu, maana ukivisugua kaboni inatoka. Subiri ikauke. Rudisha kila kijiti cha mpira mpaka kiingie chote, kikibaki nje kitufe kitakuwa kigumu. Petroli, thina na mafuta ya kupuliza visikaribie mpira huo. Ukishamaliza, funika kinanda kwa kitambaa kila jioni.

Swali (Nansio, Ukerewe): Adapta imeungua. Naweza kutumia ya kifaa kingine?

Jibu: Ndiyo, ikiwa volti ni zile zile zilizoandikwa nyuma ya kinanda, ampea ni sawa au zaidi, na mchoro wa duara ulio kwenye adapta unaonyesha chanya (+) upande ule ule na wa kinanda. E473 inataka volti 12, chanya katikati. Casio nyingi za zamani zilitaka volti 9, hasi katikati. Plagi kuingia vizuri si uthibitisho wa chochote.