Templeti nyingi klasi moja kwenye ProcessWire, mimi nashauri klasi mama

Mkuu kama nimekuelewa, kwenye ProcessWire, yaani mfumo wa PHP wa kujengea tovuti, una templeti nne (templeti ndo aina ya ukurasa, inaamua una fildi zipi, yaani sehemu za kujaza), habari, tangazo, tukio na makala, zote zina kichwa, tarehe, picha na maelezo, na unataka metodi zilezile, yaani vipande vya kodi unavyoviita kwa jina, zifanye kazi kote bila kukopi kodi mara nne, sasa unauliza kama unaweza kuzielekeza zote kwenye klasi moja, yaani faili la PHP linalobeba hizo metodi. Unaweza, tena njia ziko mbili, na nimefanya kazi na zote mbili kwa hiyo nakwambia wazi kabisa mimi naegemea wapi.

Kabla ya yote, uwe na ProcessWire toleo 3.0.152 au jipya zaidi, na kwenye /site/config.php uwe umeweka `$config->usePageClasses = true;`. Ukishawasha hiyo kila templeti inatafutiwa klasi ya jina lake ndani ya /site/classes/, yaani habari inaenda HabariPage, na ukiwa na templeti inaitwa habari-fupi itatafutwa HabariFupiPage, isipopatikana ukurasa unabaki na Page ya kawaida. Watu wengi wakishaona jina moja klasi moja wanajua ndo basi tena, wanaanza kukopi.

Njia ya kwanza ni ya mkato. Kila templeti ina kitu kinaitwa pageClass, ukikijaza unaiambia mfumo achana na jina, tumia klasi hii hapa. Unairun mara moja tu:

```
foreach(['habari', 'tangazo', 'tukio', 'makala'] as $jina) {
  $t = $templates->get($jina);
  $t->pageClass = 'ChapishoPage';
  $t->save();
}
```

Imeisha, zote nne zinatumia ChapishoPage. Inafanya kazi vizuri tu, shida yangu na hii njia ni kwamba huo uhusiano unakaa kwenye databesi, haupo kwenye faili lolote. Nilishawahi kuachiwa tovuti ya namna hiyo, nafungua folda ya classes nakuta klasi moja yenye jina lisilofanana na templeti yoyote, nagrep jina lake kwenye kodi nzima halionekani likiitwa popote, ukiangalia hivyo unasema hili faili limekufa nilifute, kumbe ndo linabeba nusu ya tovuti. Na ukihamisha kodi kwa git kutoka mashine yako kwenda seva, ile setingi haiendi nayo, inabidi uifanye tena kule au uhamishe databesi. Kama uko peke yako na tovuti ni ndogo sawa, ila timu ikiwa na watu hata wawili mimi siigusi.

Njia ya pili ndo ninayotumia. Unaandika klasi mama, halafu kila templeti unaipa kaklasi kake katupu kanakorithi:

```
<?php namespace ProcessWire;

abstract class ChapishoPage extends Page {

  const TEMPLETI = 'habari|tangazo|tukio|makala';

  public function tareheKuu() {
    return $this->tarehe;
  }

  public function dondoo($urefu = 160) {
    return $this->wire()->sanitizer->truncate($this->maelezo, $urefu);
  }
}
```

Halafu HabariPage.php nzima ni hii:

```
<?php namespace ProcessWire;

class HabariPage extends ChapishoPage {}
```

Najua utasema mbona mafaili manne matupu, huo si uchafu? Sio uchafu, hayo mafaili ndo ramani yenyewe, mtu akifungua folda anaona nani anamrithi nani bila kukuuliza wewe. Faida kubwa utaiona pale templeti moja itakapoanza kutofautiana na wenzake, na itaanza tu. Kwenye mfano wako naiona ni tukio, maana habari unaipanga kwa tarehe ya kuchapishwa lakini tukio msomaji anataka kujua linaanza lini, basi unaingia TukioPage unaandika tareheKuu() yake inayorudisha `$this->kuanza`, wengine hawaguswi. Kwa ile njia ya kwanza ungeishia kuandika `if($this->template->name == 'tukio')` ndani ya klasi, kesho inaongezeka ya makala, keshokutwa ya tangazo, na ukifika hapo klasi yako ni moja kwa jina tu, ndani zimo nne zinazogombana.

Angalia jina la klasi mama lisigongane na templeti. Ukija kutengeneza templeti inaitwa chapisho, mfumo utaikamata ChapishoPage kama klasi yake, na hiyo ni abstract kwa hiyo haiwezi kutengeneza ukurasa, utapigwa eroo. Usidekleri pia property (variabo ya klasi) yenye jina la fildi, ukiandika `public $maelezo` kwenye klasi PHP inaisoma hiyo moja kwa moja na thamani ya fildi hutaiona, unabaki unashangaa maelezo tupu wakati kwenye admini yamejaa. Templeti ya watumiaji nayo ni kesi yake, UserPage inarithi User sio Page, kwa hiyo usiiingize kwenye huu ukoo.

Kuna wengine watakwambia weka kila kitu kwenye DefaultPage. Hiyo inashika kila ukurasa usio na klasi yake, sasa ukurasa wa mawasiliano unahitaji dondoo() ya nini?

Na ile const TEMPLETI sijaiweka kama pambo. Selekta za ProcessWire, yaani yale maneno ya kutafutia kurasa, hazijui klasi za PHP, zinajua templeti, huwezi kusema nitafutie kila ChapishoPage. Kwa hiyo unatafuta hivi:

```
$pages->find("template=" . ChapishoPage::TEMPLETI . ", sort=-tarehe, limit=20");
```

Ukishaupata ukurasa, kwenye kodi unaweza kuuliza `$page instanceof ChapishoPage` na itajibu vizuri kwa zote nne. Ila kumbuka hiyo sort inapanga kwa fildi ya tarehe, haiiti tareheKuu(), kwa hiyo kama matukio unataka yapangwe kwa siku ya kuanza yatafutie find yake peke yake.