Mafua ya Mtoto Mchanga: Tuanze na Pua Iliyoziba

SWALI: Ndugu Mshauri, baada ya salamu, naomba unisaidie kuhusu mwanangu wa miezi minne aliyeshikwa na mafua tangu juzi. Pua imeziba kabisa. Akianza kunyonya huachia titi na kulia, na usiku hulala kwa kushtukashtuka. Hana homa. Mmoja ananishauri nimlambishe asali, mwingine nimfukize kwa maji ya moto, na wa tatu ananihimiza ninunue dawa ya maji ya mafua. Ningependa kumtuliza bila dawa, ikiwezekana. Nifanye nini, na nitajuaje kwamba sasa ni lazima nimpeleke hospitali?
Mama wa Mtoto wa Kwanza

JIBU: Mama mpendwa, pole kwa kukesha. Inawezekana kumtuliza bila dawa, na kwa umri wake hiyo ndiyo njia inayofaa. Mafua husababishwa na virusi, kwa hiyo antibiotiki haziyatibu, na dawa za maji za mafua na kikohozi hazipendekezwi kwa watoto wadogo kiasi hiki, kwa kuwa faida yake haijathibitika ilhali madhara yake yanajulikana. Mwili wa mtoto wenyewe huvishinda virusi hivyo. Kazi yako ni kumwezesha kupumua, kunyonya na kulala wakati mwili ukifanya hivyo.

Katika miezi ya mwanzo mtoto hupumua zaidi kwa pua, na bado hajazoea kupumua kwa mdomo pua inapoziba. Anaponyonya, mdomo umejaa titi na pua haipitishi hewa, ndiyo maana analiachia na kulia ingawa ana njaa. Kwa sababu hiyo, wakati muhimu kuliko wote wa kumsafisha pua ni dakika chache kabla ya kunyonya, na pia kabla ya kulala.

Nunua katika duka la dawa maji ya chumvi ya kutia puani, yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wachanga na yenye chumvi ya asilimia 0.9. Sikushauri uyachanganye mwenyewe, kwa sababu chumvi ikizidi huunguza pua na maji yasiyo safi huingiza vijidudu. Mlaze chali, mdondoshee tone moja au mawili katika kila tundu, kisha usubiri kama dakika moja ili kamasi zilainike. Mara nyingi atapiga chafya na zitatoka zenyewe, nawe utazipangusa kwa kitambaa laini. Zisipotoka, tumia kipira cha kuvutia kamasi: kibonyeze kwanza kikiwa nje ya pua, ingiza ncha yake kidogo tu, halafu uachie taratibu. Mara tatu au nne kwa siku zinatosha, kwa maana kuvuta kupita kiasi huifanya pua ivimbe ndani na kuziba zaidi. Kioshe kwa maji ya moto na sabuni kila baada ya kutumia. Ngozi ya chini ya pua ikichubuka, mpake mafuta mepesi yasiyo na manukato.

Mnyonyeshe mara nyingi zaidi kuliko kawaida, kidogo kidogo, hata kama anapumzika katikati. Maziwa yako yanamtosha kwa chakula na kwa kiu; kabla ya miezi 6 usimpe maji wala chai. Asali usimpe kabisa kabla hajatimiza mwaka mmoja, kwani inaweza kubeba mbegu za bakteria zinazotoa sumu ya kulegeza misuli ndani ya utumbo wa mtoto mchanga. Kumfukiza juu ya chombo cha maji ya moto nako ni hatari: watoto huungua vibaya kwa njia hiyo, nami nakusihi usijaribu. Usimpake wala kumnusisha dawa zenye kafuri au mentholi.

Wengi humwekea mto mtoto mwenye mafua ili kichwa kiinuke. Usifanye hivyo, kwa kuwa kichwa kinaweza kuporomoka na njia ya hewa ikabanwa, au uso ukazama katika mto. Alale chali mahali pa bapa na pagumu kidogo, bila mto. Akihitaji kuinuliwa, mbebe wima kifuani mwako akiwa macho. Moshi wa sigara na wa jikoni usimfikie.

Mafua mengi huisha ndani ya siku 10 hadi 14, na kamasi kugeuka njano au kijani si dalili ya hatari peke yake. Lakini mhesabie pumzi kwa dakika moja kamili akiwa ametulia. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Mpeleke hospitali mara moja ukiona hivyo, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akikoroma kwa kila pumzi, midomo ikigeuka ya buluu, akilegea au akiwa mgumu kuamka, akikataa kunyonya, au nepi zikikaa kavu kwa saa nyingi. Kuhusu homa, kwa umri wa mwanao nyuzi 39 zinatosha kukupeleka siku hiyo hiyo. Kwa mtoto aliye chini ya miezi 3, nyuzi 38 tu ni dharura.

Ukifika huko, mweleze mhudumu mafua yalianza lini, amenyonya mara ngapi tangu asubuhi, umebadilisha nepi ngapi zenye mkojo, na idadi ya pumzi ulizohesabu, kwa maana mtoto anaweza kuwa ametulia wakati wa kupimwa ingawa alihangaika usiku kucha.