Mozaiki bafuni: mwiko wa meno madogo, gundi nyeupe na hesabu ya grauti

Fundi aliyezoea marumaru za sentimita 60 kwa 60 akipewa mozaiki, mara nyingi huja na vifaa vyake vilevile, na hapo ndipo kazi huharibikia. Marumaru kubwa ni ngumu. Ukuta ukiwa na bonde dogo, inapita juu yake na hakuna anayejua. Shiti ya mozaiki ni vipande vidogo, tuseme sentimita 2 kwa 2, vilivyoshikwa na wavu. Ikiwa ya kioo, unene wake ni kama milimita 4 tu. Inaulalia ukuta kama kitambaa, na kila kilima kinajitokeza. Mchana huenda usione kitu, ila taa ya ukutani ikiwashwa usiku ukuta mzima una mawimbi.

Kwa hiyo anza na plasta. Simamisha rula ya alumini ya mita 2 ukutani, wima, kisha mlalo, kisha kwa mshazari. Mwanya ukizidi milimita 3, jaza na uache pakauke kabla hujafungua mfuko wa gundi. Usisawazishe ukuta kwa gundi: gundi nene hunywea inapokauka na kuvuta vipande ndani. Sakafu mpya ya saruji ipewe siku 28. Wanaojenga pwani waangalie pia mchanga. Mchanga wa ufukweni usiooshwa una chumvi, na chumvi hiyo itakuja kutokea juu ya grauti (kijazio cha nafasi kati ya vipande) kama unga mweupe unaorudi kila ukisuguliwa.

Sehemu ya kuogea ipakwe dawa ya kuzuia maji, mikono miwili, wa pili ukikatiza wa kwanza, na kwenye kona uzamishe utepe wake. Wengi huruka hatua hii wakiamini mozaiki yenyewe inazuia maji. Kioo kinazuia, ndiyo, lakini kati ya kioo na kioo kuna grauti ya saruji, na hiyo hupitisha maji polepole. Mozaiki ina mistari mingi ya grauti kuliko marumaru yoyote.

Dukani, geuza shiti utazame mgongo wake. Nyingine zina wavu nyuma, nyingine zimebandikwa karatasi usoni. Ya karatasi ni ngumu kidogo kubandika kwa sababu huoni uso wake hadi uiloweshe na kuibandua, lakini mgongo wote uko wazi kushika gundi. Ya wavu ni rahisi, ila kuna zilizopakwa gundi ya kiwandani isiyovumilia maji. Chukua shiti moja uilaze ndani ya ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi vipande vikianza kujiachia, hiyo iende ukutani jikoni. Kwenye sakafu ya kuogea au bwawa isitumike.

Niru, yaani saruji tupu iliyokorogwa na maji, ndiyo mafundi wengi hubandikia marumaru, na kwa marumaru za udongo zilizolowekwa hufanya kazi. Kioo hakinywi maji, hivyo niru haina pa kushika. Ikikauka vipande vinabanduka kwa kucha. Nunua gundi ya mfuko iliyoandikwa C2. Ikiwa na herufi T, haitelezi ukutani. Ikiwa na E, inachelewa kukauka juu, jambo linalosaidia sana kwenye joto letu. Kwa mozaiki ya kioo chukua nyeupe, maana ya kijivu huonekana kwa nyuma na kuua rangi. Kadiria kilo 3 kwa mita moja ya mraba. Maji yatangulie ndooni, unga ufuate, koroga, acha dakika 5, koroga tena. Ikishaanza kukaza usiiongezee maji.

Kuhusu mwiko wenyewe: meno ya V ya milimita 5 hivi yanatosha. Yale ya mraba ya milimita 10 hulaza gundi nyingi, na ukibonyeza shiti inachomoza katikati ya vipande na kuziba nafasi ya grauti. Tandaza kwa meno, kisha geuza mwiko na ulaze matuta kwa upande bapa, ibaki tabaka sawa la kama milimita 2. Matuta yakiachwa, kwenye kioo angavu yataonekana milele. Tandaza eneo la shiti mbili au tatu tu. Gusa gundi kwa kidole. Kama hainati, ikwangue uitupe, hata kama roho inauma.

Ubao wa kugongea unaweza kujitengenezea. Kata kipande cha mbao cha sentimita 10 kwa 20, ukivishe kitambaa. Weka shiti, gonga polepole kuanzia katikati. Baada ya shiti kadhaa, bandua moja ukague mgongo. Ukiona madoa makavu, gundi ni chache au imeshakauka juu. Nafasi kati ya shiti na shiti ilingane na zile za ndani ya shiti, la sivyo ukuta utaonyesha miraba ya sentimita 30 kila mahali, kosa ambalo hata mgeni asiyejua ujenzi analiona. Rudi nyuma mita 2 utazame. Mstari ukipinda, kata wavu kwa kisu na usogeze vipande kimoja kimoja gundi ikiwa bado mbichi. Changanya shiti za maboksi tofauti, kwa sababu rangi hazifanani kabisa.

Kukata, panga upimaji wako ili visu vipite kwenye wavu tu. Palipo na bomba, kioo kikatwe kwa koleo lenye magurudumu mawili. Mawe na kauri kwa grenda yenye diski ya almasi isiyo na mapengo. Miwani ya kazi ni lazima.

Grauti ndiyo inayowashangaza watu kwa bei. Hesabu yake: jumlisha urefu na upana wa kipande, gawa kwa zao lake (urefu mara upana), zidisha kwa unene, kwa upana wa mstari, kisha kwa 1.6, vipimo vyote vikiwa milimita. Kipande cha 20 kwa 20, unene 4, mstari 2, kinakupa kilo 1.28 kwa mita ya mraba. Marumaru ya 600 kwa 600 yenye unene wa 9 na mstari uleule haifiki hata gramu 100. Ongeza asilimia 10 ya kumwagika. Kama mstari hauzidi milimita 3, chukua grauti isiyo na mchanga, kwani mchanga huchuna kioo.

Subiri saa 24, kwangua gundi iliyochomoza, kisha sukuma grauti kwa mwiko wa mpira kwa mshazari. Baada ya dakika 15 au 20, futa kwa sponji iliyokamuliwa sana, ukitumia ndoo mbili. Sponji yenye maji mengi huosha saruji na kuacha rangi ya madoadoa. Utando wa grauti unaobaki juu ya vipande, ufute kesho yake kwa kitambaa kikavu. Mozaiki ya mawe ya marumaru halisi isiguswe na siki wala tindikali. Kona za ukuta na sakafu zijazwe silikoni, kwa sababu grauti hapo itapasuka tu.

Sakafu ya kuogea ipewe mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji, na hapa ndipo mozaiki inapoishinda marumaru kubwa: inafuata mteremko wa pande zote nne bila kukatwa mshazari. Rangi ya grauti chini iwe kijivu. Nyeupe chini ya miguu huchafuka mapema, na shiti nzuri ya bei mbaya huonekana chakavu ilhali kioo chenyewe hakijapata hata mkwaruzo.