Nimebadili sili mara 2 na oili bado inavuja

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina kamashine kadogo ka kulimia bustani, ni ka zamani na nilikanunua mkononi kwa mtu. Oili inavuja pale shafti ya visu inapotokea kwenye giaboksi, nimeshabadili sili (ile pete ya mpira ya kuzuia oili) mara 2, kila moja inakaa siku chache halafu inaanza tena. Na visu vimeisha, mkanda nao unateleza nikifika kwenye udongo mgumu. Nitafute nyingine au hii bado inafaa?

JIBU: Usiitupe bana. Hiyo sili unaionea tu. Chomoa kwanza waya wa plagi, toa visu, halafu shika shafti uitikise juu chini, ikicheza ujue beringi zimekwisha na hapo hata ubadili sili kila wiki itavuja tu. Beringi usiende kuulizia kwa jina la mashine, kwa hizi za zamani utazunguka sana, we futa uchafu usome namba ubavuni, mfano 6204 ni tundu milimita 20, nje 47, unene 14, muuza beringi anaijua. Sili nayo ina namba zake, 25-40-7 maana yake shafti 25, nje 40, unene 7.

Kama shafti haichezi pitisha ukucha pale sili inapokalia, ukisikia kamfereji basi mchawi umemkamata, ule mpira ukishika mchanga unakula chuma taratibu miaka na miaka. Kakiwa kadogo, na kama kuna nafasi, ipachike sili mpya milimita 1 au 2 pembeni ya ilipokuwa ili mdomo ukae kwenye chuma kizima. Kakiwa na kina kirefu kuna pete nyembamba ya chuma inavishwa juu ya shafti, au mpelekee fundi wa kukereza. Upande wa sili wenye kispringi unaangalia ndani kwenye oili (wengi wanageuza hapa halafu wanalaumu duka), na kwenye tundu la pini la shafti zungushia selotepu na grisi kabla hujaipitisha, la sivyo inachanika hapohapo. Toa pia kamba na majani yaliyojisokota kwenye shafti, nazo zinakata sili vibaya mno.

Ukimwaga oili iangalie kwenye mwanga. Vumbi la rangi ya dhahabu ni gia ya shaba inayoliwa, na gia hiyo kama haipatikani ndo hapo ningefikiria mashine nyingine, siyo kwa sababu ya sili.

Visu nunua seti nzima, makali yatangulie mbele vinavyozunguka, kuvichomelea vile vya zamani sikushauri, uzito ukitofautiana mashine inaruka ruka mkononi. Mkanda unashika kwa mbavu zake, siyo kwa tumbo, kwa hiyo chungulia puli, chini ya mfereji kukiwa kunang'aa ujue mkanda umelika au puli imepanuka. Kama hakung'ai kaza kwanza waya wa klachi kabla hujanunua kitu.