Msiniombe barua ya mwaliko wa wainjilisti

Mbukwenyi, ndugu zangu wa mtaa wetu.

Nimeusikiliza ujumbe wa sauti wa Baba Mchungaji nikiwa kwenye treni naenda kazini, na nimeusikiliza tena usiku. Kwa ambao haukuwafikia: halmashauri ya kanisa inataka niwatafutie wainjilisti wawili barua ya mwaliko, waje huku Melbourne, Australia, kufanya mkutano wa injili, kwa kuwa Wazungu wamemwacha Mungu. Hapohapo mama mdogo akadakia kwamba makanisa ya huku yana fedha nyingi, basi niyaombe yatuezekee paa. Maneno haya mawili hayakai zizi moja. Kanisa lililokimbiwa na waumini litatoa wapi bati za kwetu?

Barua hiyo sitaiandika. Nisikilizeni kwanza, hasira zije baadaye.

Najua nia yenu imeanzia wapi, na ni njema. Wamishenari wa Kianglikana wa Uingereza walipoishiwa fedha miaka ya 1920 na kutaka kuiacha kazi ya Tanganyika, Waaustralia ndio walioipokea. Chambers alikuwa mchungaji Sydney, akawekwa wakfu mwaka 1927 kuwa askofu wa kwanza wa Central Tanganyika, akaja kukaa Dodoma yetu yenye vumbi. Baadaye akaja Stanway, Mwaustralia mwenzake, akaongoza dayosisi hadi 1971. Bibi zetu walizalishwa na kufundishwa kusoma na watu waliotoka huku niliko. Mnaona deni, mnataka kulilipa. Nami deni hilo nalihisi kuliko mnavyodhani.

Lakini nchi mliyo nayo kichwani ni ile iliyomtuma Chambers. Katika sensa ya 1911, Waaustralia wapatao 96 katika kila 100 waliandikishwa kuwa Wakristo. Mwaka 2011 walikuwa wamebaki asilimia 61.1, na mwaka 2021 asilimia 43.9. Waliosema hawana dini yoyote walifika 38.9. Hata hivyo Bunge lao bado linafungua vikao kwa Sala ya Bwana, na Ijumaa Kuu ni sikukuu ya taifa. Mgeni akishuka uwanja wa ndege anaweza kudhani kila kitu kiko mahali pake.

Mnasema wamemwacha Mungu. Hebu tazameni alivyoletwa kwao. Meli za kwanza za Waingereza, mwaka 1788, zilileta wafungwa, na pamoja nao kasisi mmoja, Richard Johnson. Tarehe 3 Februari alihubiri chini ya mti kutoka Zaburi ya 116: "Nimrudishie Bwana nini kwa ukarimu wake wote alionitendea?" Waliomsikiliza walikuwa watu waliotenganishwa na wake na watoto wao kwa sababu ya wizi mdogo mdogo, na ibada haikuwa hiari yao. Kanisa alilojenga kwa fedha zake mwenyewe liliteketea kwa moto mwaka 1798, na wafungwa ndio walioshukiwa. Samuel Marsden, aliyekuja baada yake, alikuwa mchungaji na hakimu kwa wakati mmoja. Aliyekuhubiria Jumapili aliweza kukuhukumu viboko Jumatatu.

Wenyeji wenye nchi, Waaborijini, yao ni mazito zaidi. Kwa miongo mingi watoto wao walichukuliwa kutoka kwa mama zao, na wengi walilelewa kwenye vituo vya misheni. Serikali iliomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008. Kisha ikaundwa tume kubwa, kuanzia 2013 hadi 2017, kuchunguza udhalilishaji wa watoto katika taasisi, na makanisa yakatajwa ukurasa baada ya ukurasa. Watu wa huku waliusikia ushahidi huo kwenye redio wakiwa na watoto wao nyuma ya gari. Sasa wainjilisti wetu waje na kipaza sauti wawaambie watubu? Kuna mfanyakazi mwenzangu ambaye nikitamka neno kanisa anatoka chumbani. Sijamuuliza kwa nini, na sitamuuliza. Namchemshia chai.

Mkutano mnaouota ulishafanyika. Mwaka 1959 Billy Graham alihubiri kwenye uwanja mkuu wa kriketi hapa Melbourne, wakaja watu zaidi ya 140,000. Bibi mmoja ninayemwogesha alikuwepo, msichana wa kwaya. Anausimulia mpaka macho yanang'aa. Ana watoto watatu, na hakuna anayesali. Si watu wabaya, wanamtembelea kwa zamu na kumletea maua, ila Jumapili asubuhi wajukuu wana mechi, maduka yako wazi, na hakuna anayewauliza mbona hamkuonekana.

Na hapa niwaambie lile ambalo nimekuwa nikilipitia pembeni. Mnanilaumu kwamba sipokei simu Jumapili mkitoka ibadani. Niko kazini. Kazi yangu ni nyumba ya wazee: kuogesha, kulisha, kubadilisha pampasi, kuwageuza wasipate vidonda. Zamu ya Jumapili inalipwa zaidi ya zamu ya katikati ya wiki, na ndiyo naichukua kwa sababu ya ada za wadogo zangu, dawa za baba, na michango ya kanisa. Vipaza sauti vya kwaya mlivyovishangilia kwenye picha vimetoka kwenye Jumapili ambazo mimi sikuingia kanisani. Nikisikia mnasema huku watu wamepoa kiroho, najua na mimi nimo kwenye hesabu hiyo, na inaniuma.

Msidhani basi kwamba Mungu kahama Australia. Hapana. Nendeni kanisa lenye watu mtakuta Wachina, Wahindi wa Kerala, Wakaren wa Myanmar, Wadinka wa Sudan Kusini wanaopiga ngoma hadi vioo vinatetemeka. Wapo Wairani waliobatizwa wakiwa watu wazima. Sisi wa Kiswahili, wengi wetu Wakongo na Warundi waliopita makambini, tunasali mchana baada ya Wazungu kumaliza ibada yao na kutuachia jengo. Nchi hii ilikuwa na sheria, tangu 1901, ya kuzuia watu wasio Wazungu kuhamia, na mabaki ya mwisho ya sera hiyo yalifutwa mwaka 1973. Leo zaidi ya robo ya wakazi wamezaliwa nje ya nchi, na watoto wa watu waliofungiwa mlango ndio wanaojaza madawati. Mchungaji Mzungu anayetupa funguo ni mzee, waumini wake ni wachache na wana mvi, na siku moja aliniambia anamshukuru Mungu kwa kelele zetu. Niliona haya, kwa sababu mnachokiita utajiri wa makanisa yao ni jengo ambalo wanahangaika kulikarabati. Mengine yameuzwa yakawa makazi ya watu. Msiniombe niende kuwaomba bati watu hawa. Siwezi.

Isitoshe, jirani zangu si Wazungu peke yao. Kushoto ni familia ya Kisikh kutoka Punjab, kulia ni Waislamu kutoka Afghanistan. Nilipolazwa, mama wa Kiafghani ndiye aliyeleta chakula kwa watoto wangu kila jioni. Mhubiri aliyezoea kuzikashifu dini za wengine jukwaani akija hapa atanivunjia nyumba kwa usiku mmoja. Asije.

Sasa ushauri, kwa kuwa mmeuomba. Msitume mtu kwa viza ya matembezi kisha mkamwambia atafute kazi akiwa huku. Viza hiyo hairuhusu kazi, atabaki kujificha, na atakayemlisha ni mimi. Mkutano wa siku tatu hauwezi kumgusa mtu aliyeumizwa na kanisa tangu utotoni. Huyo anahitaji mtu wa kukaa naye miaka, anayefika kazini kwa wakati, asiyesengenya, anayeweza kuulizwa swali gumu asikasirike. Kama yule binti aliyesomea uuguzi Mvumi atapata ajira halali na karatasi zake zikakamilika, aje, nitampokea mwenyewe, atafanya zaidi ya jukwaa lolote. Ila awafikirie wazazi wake kwanza. Mama yangu alizikwa nikiangalia kwenye simu. Kama wazazi wake hawana mwingine, abaki. La, aje tu, kijana akipata nafasi asinyimwe. Hata mimi sijui nimshauri lipi.

Mkitaka kweli kumsaidia Mungu Australia, nisaidieni watoto wetu. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko hizo asilimia. Watoto wa ibada yetu ya Kiswahili wanaelewa nusu ya mahubiri. Wakiwa na miaka kumi wanaimba, wakiwa na kumi na tano wanauliza maswali, na sisi tunawajibu kwa kemeo tulilojibiwa sisi, wakifika chuo hawarudi tena. Binti yangu aliniuliza kwa nini tuliamini watu walioletwa na taifa lililokuwa likiwanyang'anya Waaborijini watoto wao. Nilimwambia habari za Yohana Omari, Mtanganyika aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1955, na za wainjilisti wetu waliotembea kwa miguu kijiji hadi kijiji bila Mzungu yeyote kuwashika mkono. Alisikiliza. Alitaka habari zaidi na mimi zikaniishia.

Mama mdogo, wewe unazo. Babu yako alikuwa mmoja wao. Mpigie binti yangu Jumamosi saa tatu asubuhi ya huko, huku itakuwa jioni na atakuwa nyumbani. Ongea Kiswahili cha taratibu, msimulie babu alivyokuwa, njaa na ukaidi wake vyote, wala usimuulize kama anasali. Bati nitalipia nusu, mwisho wa mwezi. Nusu nyingine changishaneni.