Kichanga anapumua mbio: msingoje Jumatatu

Dada wa Pangani, umeandika kwamba mtoto ana siku 5, anapumua mbio, bibi yake anasema ni mafua tu na kliniki ni Jumatatu. Kabla hujasoma mengine, mfunue kifua akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, umhesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya simu. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha, maana kichanga hapumui kwa mpangilio kama sisi: huenda haraka, akasimama kidogo, akaendelea. Kawaida yake ni kuanzia 30, isifike 60. Ukipata 60 au zaidi, rudia. Ikitoka hivyo tena, ita bajaji, haya mengine utayasoma njiani.

Nasema kwa ukali kwa sababu kosa hilo nimelifanya mimi, tena kwa kujiona najua.

Wa kwanza alizaliwa hapa Tanga kwa upasuaji, uchungu haujaanza. Saa ya pili tu akawa anapumua 78 kwa dakika. Alipigwa picha ya kifua, daktari akanieleza kwamba mtoto akiwa tumboni mapafu yake yana maji, na uchungu husaidia yafyonzwe; anayetolewa kabla ya uchungu huweza kubaki nayo. Aliwekewa oksijeni puani, nikawa nakamua maziwa anapewa kwa mpira. Siku ya tatu hana neno.

Wa pili kazaliwa kawaida, tukaruhusiwa, tuko kwa mama Ngamiani. Usiku wa siku ya nne nikaona kifua kinakwenda mbio. Mama akasema twende hospitali. Nikamjibu, "Mama, haya ni yale maji ya kaka yake, yatakauka."

Hayakuwa maji. Yale huonekana saa za mwanzo baada ya kuzaliwa, na kwa kawaida huisha ndani ya siku 3. Mtoto aliyekaa nyumbani vizuri halafu akaanza kupumua mbio siku ya nne ana jambo jingine, na la kuwahiwa ni maambukizi. Dalili zilikuwepo, nikazitazama moja moja: chuchu anaishika na kuiachia, usingizi umezidi, mwili wa baridi. Hana homa, na hilo ndilo lililonipumbaza. Kumbe kichanga mwenye maambukizi anaweza kupoa badala ya kuchemka.

Alfajiri akaanza kuguna kila akitoa pumzi. Nikadhani anaota! Nesi aliyetupokea aliusikia mguno toka mlangoni, akamchukua mikononi mwangu kabla hajaniuliza jina. Baadaye akaniambia kwamba mtoto anayeguna hivyo anazuia hewa isitoke yote, mapafu yasije yakanywea. Ukiusikia mguno huo, au ukaona mbavu zinabonyea ndani, pua inatanuka, midomo na ulimi vimekuwa vya bluu, hakuna haja ya kuhesabu.

Kile kidude cha kubana mguuni kilisoma oksijeni ya damu asilimia 84, yaani imeshuka. Akatolewa damu, akapigwa picha, akaanzishiwa sindano za antibiotiki, ampisilini na jentamisini. Tulikaa wodini siku 10. Sasa yuko chekechea na ana kelele kuliko nyumba nzima.

Kwa bibi, mwambie kwa adabu: mafuta ya nazi puani hapana, yanaweza kuteremka mapafuni. Na udi, najua arobaini bila udi kwetu pwani ni kama nyumba imehamwa, lakini chumba cha huyu kisifukizwe. Kama hanyonyi, usimnyweshe kwa nguvu. Njiani mweke kifuani ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, umfunike khanga mbili, uso ubaki wazi umwone.

Halafu ukifika usiseme "mtoto ana mafua". Sema ana siku 5, anapumua mbio, na utaje idadi uliyohesabu. Foleni ya mafua ni ndefu.