Jibu: Pedali ya breki ya titani kwa printa ya 3D, inalipa?

Mkuu, usilipe! Umesema umepata bei nzuri China ya kuprinti pedali ya breki na vikanyagio vya miguu vya pikipiki, vyote vya titani, unauliza kama inalipa, ushuru utakuwaje na ile rangi ya bluu inapatikanaje. Mimi nakuuliza moja tu: hiyo bei, kuchonga matundu kumo?

Kwangu hakukuwemo. Aliyenishawishi ni jamaa wa kuagiza vipuri, mdomo asali mtupu. Akanirushia video ya 2018 ya Bugatti, wale wa magari ya kifahari: kaliperi ya titani (kile kinachobana diski ya breki), saa 45 kwenye printa, tabaka 2,213, kilo 2.9 wakati ya aluminiamu ilikuwa na 4.9. Nikalainika, nikaagiza pedali. Alichokiruka, Mungu anamwona, ni kwamba ikitoka kwenye printa ile kaliperi inapashwa moto kuanzia nyuzijoto 700 kuondoa mkazo uliobaki ndani, kisha inakaa karibu saa 11 nyingine kwenye mashine ya kuchonga, maana thredi (mizunguko ya kukazia bolti) na sehemu zinazokaa pistoni hazitoki sawa kwenye printa. Bugatti wana mashine hiyo. Mimi nina fundi leti, mchonga vyuma wa mtaani, kule Gerezani, Dar.

Pedali ikaja nzuri kwa macho. Ila tundu la ekseli lilikuwa dogo na limebonyea juu, kwa sababu tundu likiprintiwa limelala, paa lake linashuka. Nikampelekea fundi wangu. Akaendesha drili kasi, akigusa kidogo kidogo, alivyozoea kwenye chuma cha kawaida. Titani haisambazi joto, lote linabaki kwenye ncha. Inataka mzunguko wa taratibu, ukandamize kweli, drili ya kabaidi yenye makali na cha kupozea kwa wingi. Drili zikaungua. Tukahamia tundu la bolti ya kurekebishia, tepu (kile cha kukatia thredi) ikakatikia ndani, na tepu iliyokatikia kwenye titani haitoki kwa maombi. Kuitoa kwa mashine ya cheche za umeme niliambiwa bei iliyozidi pedali yenyewe. Fundi simlaumu, nani alishawahi kumletea madude hayo? Namlaumu yule wa "ikifika unafunga tu, bosi". Nilipomrudia akaniambia nitafute fundi mzuri!

Kwa hiyo ninacho kizuizi cha mlango cha laki saba na ushee. Chepesi sana, mlango wenyewe unakisukuma.

Na huo wepesi usikudanganye. Titani ni gramu 4.4 hivi kwa sentimita moja ya ujazo, chuma 7.85, aluminiamu ngumu 2.8. Kama pedali uliyonayo ni ya aluminiamu, umbo lilelile kwa titani linakuwa zito zaidi. Printa inalipa pale umbo lina uwazi ndani ambao hakuna kisu kinafika. Pedali ni fimbo iliyopinda! Vikanyagio ndiyo usiguse kabisa: ule ukwaru wa kuprintiwa usipochongwa ndipo ufa unapoanzia, na wewe umesimama juu yake kwenye makorongo.

Hakuna senti inayotoka kabla hujapata kwa maandishi bei ya kuchonga matundu na thredi, kutoka kwa aliyewahi kuchonga titani. Kwanza printi ya plastiki uifunge uone inakaaje, kisha omba bei ya kuchonga umbo hilohilo kwenye aluminiamu ya 7075, ile ngumu. Hiyo kotesheni ya China ipige picha uiweke hapa, ficha jina lako, tuone kama neno "thredi" limo.